Mwongozaji wa Nakuru ndani ya ranchi ya uwindaji Texas: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kimezungumzwa sana miongoni mwa madereva-waongozaji wa Nakuru, na karibu kila anayekisimulia huanza na picha ya mwenzetu amepiga goti kando ya mnyama aliyemwinda huko Texas. Mimi nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu kufikia wakati picha ile inapigwa mambo mazito yalikuwa yameshaamuliwa. Mhusika amenipa ruhusa ya kuandika, mradi nisimtaje jina, wala kampuni yake, wala ranchi aliyotembelea. Nitamwita Mzee, kama wenzake wanavyomwita.

Mzee amewaongoza watalii kwa zaidi ya miaka ishirini. Vifaru wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru anawajua kwa alama zilizokatwa masikioni mwao. Mteja wake mmoja wa Texas, mtu aliyekuja Kenya mara kadhaa na kukaa naye garini siku nzima nzima, alimwalika kwao na kumlipia tiketi ya ndege. Katika ratiba kulikuwa na siku tatu kwenye ranchi yenye uzio mrefu, mahali watu wanapolipa kuwinda wanyama wa kigeni. Mzee aliambiwa hayo mapema, kabla hajaomba viza. Nalisema hili kwa sababu wako wanaodai alitegwa. Hakutegwa. Alitaka kuona kwa macho yake jambo ambalo wageni wamekuwa wakimuuliza kwa miaka.

Ranchi hizo zinafanyaje kazi? Uzio ni wa waya, kimo cha futi nane, yaani kama mita 2.4, na lengo lake ni kwamba kulungu asiweze kuuruka. Ndani mnafugwa wanyama ambao asili yao si Marekani: aksisi, yule kulungu wa Bara Hindi mwenye madoa meupe mwili mzima, swala mweusi wa huko huko, ambaye dume lake lina pembe zilizojisokota, nilgai, swala mkubwa wa huko pia, na kutoka Afrika, choroa, wale swala wakubwa wa nchi kame, wa aina mbalimbali. Si mtindo wa jana. Aksisi walifika Texas mwaka 1932, na nilgai waliachiliwa kwenye King Ranch, kusini mwa jimbo, karibu na miaka hiyo hiyo. Baadaye wenye mashamba waligundua kwamba mwindaji hulipa kwa dume mmoja pesa ambazo ng'ombe hazileti, na biashara ikakua.

Kisheria, wanyama hao wa kigeni ni mali ya mwenye ardhi, kama mifugo yake. Kulungu wa asili wa Texas, wale wenye mkia mweupe, ni wa umma na wana msimu wao wa kuwindwa. Aksisi hana msimu. Anaweza kupigwa mwezi wowote, na hakuna idadi iliyowekwa. Mwindaji ni lazima awe na leseni ya jimbo, na kwa mgeni ipo ya siku tano ambayo Mzee aliilipia dola 48. Leseni hiyo ilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kushika bunduki au hata risasi, na mojawapo ya njia chache za kuruhusiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Bila karatasi ile, kushika tu bunduki ya mwenyeji wake ili apige shabaha kungekuwa kosa la jinai. Mafunzo ya lazima ya wawindaji hayakumhusu, kwa kuwa yanawabana waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971, na yeye amewatangulia. Hata hivyo mwenyeji wake alimpeleka uwanja wa shabaha siku mbili mfululizo kabla ya kwenda ranchi.

Kwa upande wa sheria, basi, sioni doa. Tuendelee na yaliyotokea.

Jioni ya kwanza waliketi kwenye kibanda cha kuvizia, kiti cha starehe na dirisha dogo. Mbele yao, umbali wa kama mita mia, palikuwa na mashine ya kumwaga mahindi iliyotegwa kwa saa. Ilipolia, mahindi yakatawanyika chini, na baada ya dakika chache wanyama wakaanza kutoka vichakani. Mzee aliniambia walikuja kwa mwendo wa ng'ombe wanaokwenda kulamba magadi. Hakuna aliyesimama kunusa upepo. Mwongozaji wa ranchi akawa anaonyesha kwa kidole na kutaja bei: yule wa kushoto ni kiasi hiki, yule mwenye pembe ndefu ni kiasi kile. Mzee hakupiga jioni ile. Aliomba kwa adabu kwamba, kama inawezekana, yeye awinde kwa miguu, mbali na mahindi. Wakamkubalia, ingawa walimwona mgeni wa ajabu.

Siku ya pili mwenyeji wake alimpiga swala mweusi dume. Risasi ikaingia tumboni, nyuma mno. Mnyama akatimka. Kwenye ranchi nyingi za namna hii kanuni ni kwamba damu ikionekana umelipa, apatikane asipatikane. Mwongozaji wa ranchi akaita kwa redio kuomba mbwa wa kufuatilia aletwe baada ya chakula cha mchana, na mwenyeji akaanza kurudi kwenye gari. Hapo Mzee akasema, "Bwana, huyu hatuwezi kumwacha akiteseka sisi tukila." Akainama, akatafuta tone la kwanza la damu, na akaanza kufuata. Mwenyeji wake, kwa heshima yake, aliweka njaa kando akamfuata nyuma.

Walifuata alama kwa muda mrefu, katikati ya mireteni na mialoni mifupi, juu ya mawe ya chokaa ambako nyayo hazionekani vizuri. Walimpata kwenye kona ya uzio. Alikuwa amekimbia hadi pale waya ulipomzuia, akafuata waya hadi kona, akasimama. Mwenyeji akammaliza kwa risasi moja.

Kona hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki kwangu, na nimeitafakari kuliko picha. Anayepinga ranchi hizi atasema: tazama, hakuwa na pa kukimbilia. Ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba bila uzio ule huenda swala angevuka shamba la tatu na la nne akafa usiku, au kesho yake, bila mtu kumwona. Waya huo huo ulimzuia kutoroka na ukawezesha mateso yake kukatizwa mchana ule ule. Mzee mwenyewe hakuushangaa uzio. Nakuru tunauzoea: hifadhi yetu imezungushiwa uzio wa umeme tangu miaka ya 1980, ilipofanywa hifadhi ya vifaru, na kila mwongozaji wa hapa amewahi kuona simba akimsukuma swala kuelekea waya.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni uzio umezunguka nini, na ndani yake mnafanyika nini. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ni kilomita za mraba 188. Ranchi ile ilikuwa ya ekari elfu mbili na kidogo, karibu kilomita za mraba 9. Nakuru ingeimeza mara ishirini. Hata hapa kwetu, siku uzio ulipofungwa, binadamu alijitwika kazi ya kuhamisha wanyama wakizidi na kuleta damu mpya wakipungua. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limekuwa likifanya hivyo kwa twiga, nyati na vifaru. Kwenye ekari elfu mbili kazi hiyo ni kubwa zaidi kwa kila mnyama, na risasi ni mojawapo ya njia za kuifanya.

Sikatai hilo. Ninachokikataa ni mashine ya mahindi. Ekari elfu mbili zenye vichaka na mabonde bado zinampa mnyama mahali pa kujificha, na mtu wa kwenda kwa miguu anaweza kurudi mikono mitupu siku nzima. Lakini ukimfundisha mnyama tangu akiwa mchanga kwamba mlio fulani ni chakula, kisha ukaketi nyuma ya mlio huo na bunduki, umeshafuta zile ekari zote. Umebaki na mita mia moja. Watu wanabishana juu ya waya kwa sababu waya unaonekana pichani, na saa iliyofungwa kwenye pipa la mahindi haionekani.

Wawindaji wenyewe hawakubaliani. Boone and Crockett, klabu iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, haiandikishi katika rekodi zake mnyama aliyepigwa ndani ya uzio asioweza kuutoka. Roosevelt huyu ni yule yule aliyeteremka Mombasa mwaka 1909, akawinda Naivasha na Njoro, akashuhudia Wanandi wakimuua simba kwa mikuki kule Sergoit, Uasin Gishu. Wanandi wale hawakuwa na kibanda wala mahindi, na simba alikuwa na kila nafasi ya kumwangusha mmoja wao. Nikifikiria kipimo cha haki kati ya mwindaji na mnyama, mfano wa karibu tunao hapa magharibi mwa nchi yetu.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Mzee. Alimwomba mwenye ranchi ampe jike la aksisi, wala si dume la pembe, kwa sababu alikuwa amesikia majike yamezidi malisho. Bei yake pia ni ndogo mno ikilinganishwa na ya dume, jambo alilolipima kwa vile mlipaji hakuwa yeye. Sasa, aksisi huzaa mwezi wowote wa mwaka. Ukipiga jike bila kuangalia, unaweza kuacha mtoto kichakani afe kwa njaa. Mzee alilitambua hilo bila kuambiwa, kwa kuwa alishaona watoto wa rika zote siku zile mbili. Akamlenga jike mmoja kwa darubini, akamtazama zaidi ya saa nzima akila, akilala, akiinuka. Hakuna mtoto aliyemfuata wala kumnyonya. Ndipo akasogea kwa tumbo dhidi ya upepo, na risasi yake ikawa moja. Jioni walikula maini, na nyama iliyobaki ilikwenda kwenye friza ya mwenyeji.

Kama ningekuwa nafundisha waongozaji vijana somo la maadili, saa hiyo moja ya kutazama ningeichukulia kipindi kizima.

Kabla sijafika kwenye picha, kuna mjadala uliozuka usiku ule juu ya choroa. Ranchini mlikuwa na kundi la choroa weupe wenye pembe zilizopinda nyuma kama upanga, wale wa ukingo wa Sahara. Mwaka 2000 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwenye ranchi alimwambia Mzee kwamba walio hai wanawashukuru wawindaji. Kauli hiyo ina sehemu ya ukweli, kwani wakati Sahara imebaki tupu, Texas ilikuwa na choroa hao kwa maelfu, na walifugwa kwa sababu kuna wanaolipa kuwapiga. Serikali ya Marekani yenyewe imeyumba juu yao: mwaka 2005 ranchi zilisamehewa kibali, mwaka 2012 kibali kikarudishwa, mwaka 2014 bunge la nchi hiyo likakiondoa tena.

Lakini kufuga maelfu ndani ya waya peke yake hakukumrudisha choroa jangwani. Kilichowarudisha ni mradi wa serikali ya Chad na washirika wake wa Abu Dhabi na wa uhifadhi wa Sahara, uliowaachilia wa kwanza mwaka 2016 kutoka kundi lililotunzwa Abu Dhabi kwa kuchanganya damu kutoka nchi mbalimbali. Kufikia mwaka 2023 hali yao ilipandishwa, kutoka waliotoweka porini hadi walio hatarini. Ranchi inaweza kuwa ghala. Kufungua ghala hilo kunahitaji mtu mwingine mwenye nia nyingine, na fedha, na jangwa lililolindwa. Mzee alijibu kwa mfano wa nyumbani: korongo, yule swala mkubwa, wa Hifadhi ya Ruma, kule Homa Bay. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15 tu nchini Kenya nzima, wote Ruma. Hao nao wamewekewa boma la uzio ndani ya hifadhi, na hakuna anayelipa kuwapiga. "Kwa hiyo," akamwambia mwenye ranchi, "uzio mmoja unangoja mteja, mwingine unangoja watoto wazaliwe." Mwenye ranchi hakukasirika. Waliendelea kuongea hadi usiku wa manane.

Sasa picha. Mwenyeji alimpiga Mzee picha amepiga goti kando ya yule jike, mkono mmoja shingoni mwa mnyama. Mzee akaituma kwenye kundi la WhatsApp la waongozaji wenzake Nakuru. Kabla hajapanda ndege ya kurudi, ilikuwa imeshavuka mipaka. Mteja mmoja wa Ulaya, aliyekuwa ameweka nafasi ya familia nzima, aliiona na kuvunja safari. Kampuni ikamsimamisha Mzee kazi.

Wenzake waligawanyika, na hoja zao zote mbili zilikuwa nzito. Kijana mmoja alimwambia usoni, "Mzee, umetuangusha. Kila siku tunawaambia wageni kwamba simba hai ni wa thamani kuliko simba mfu, halafu wewe unakumbatia mzoga." Mwingine, mtu mzima, ambaye baba yake alibeba bunduki za wawindaji kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, alijibu kwamba yeye alisomeshwa kwa pesa hizo, na kwamba baba yake aliwajua wanyama kuliko yeyote kati yao.

Namwelewa yule kijana zaidi. Kosa la Mzee sioni kwamba ni kuwinda. Ni kuituma picha bila maneno yanayoielezea, kwa watu ambao mkate wao unategemea imani ya mgeni kwamba anayemwongoza anataka mnyama aendelee kuishi. Ile saa nzima ya kutazama kama jike ana mtoto haikuonekana pichani. Kilichoonekana ni mtu na mzoga. Kwa bahati nzuri hakubeba hata ukucha. Ngozi aliiacha Texas, akijua kwamba kuingiza nyara Kenya bila kibali cha KWS ni kujipeleka mahakamani.

Habari haikuishia kwa waongozaji. Mwenye shamba mmoja upande wa Elmenteita alipoisikia, alimtafuta Mzee akitaka kujua gharama ya uzio kwa kilomita. "Pundamilia wanakula nyasi zangu, na silipwi hata shilingi," alisema. "Mbona sisi tusifanye kama Texas?" Jibu fupi ni kwamba sheria hairuhusu. Kenya mnyamapori ni wa taifa hata akilala kitandani mwako, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya uwindaji wa burudani kuwa kosa. Hata ule mpango wa majaribio wa kuvuna nyama ya porini, uliowahi kuwafikia wenye mashamba wa Nakuru, ulisitishwa mwaka 2003.

Jibu refu ni gumu zaidi, na mkulima huyo anastahili kulisikia. Malalamiko yake ni ya haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba wanyama wakubwa wa nyanda zetu za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977, mwaka ule ule wa marufuku. Watafiti walitaja ongezeko la watu na mifugo, na udhaifu wa sera. Siwezi kudai marufuku ndiyo iliyoua wanyama, wala siwezi kudai iliwaokoa. Mtu anayelisha pundamilia wa taifa kwa nyasi zake mwenyewe anafaa kulipwa na taifa.

Ila dawa aliyoitaka haifai hapa. Texas, waya umewafungia wageni. Aksisi hana njia ya mababu ya kupita kule, na hana pa kurudi. Baridi kali ya Februari 2021 iliwaua wanyama wa kigeni wengi kwenye ranchi hizo, kwa kuwa miili yao haikuumbiwa barafu. Elmenteita ni kwao pundamilia. Wanatoka shamba hadi shamba, kati ya Nakuru na Naivasha, wakifuata mvua na nyasi, na kila uzio mpya wa mita mbili na nusu unakata njia ambayo hakuna mwenye shamba mmoja anayeimiliki. Anayezungushia ekari zake waya ili auze risasi atakuwa amechukua pia wanyama wa jirani, na maji yao, na njia yao ya kuokoka kiangazi.

Kampuni ilimwita Mzee baada ya miezi miwili na kumpa masharti matatu ya kurudi: aifute picha na aombe wenzake waifute, asiwinde tena popote duniani, na asizungumzie jambo hilo na mgeni yeyote. La kwanza alilitekeleza papo hapo. La pili alilikubali, ingawa naamini mwajiri hana haki ya kuamua mtu afanye nini kihalali akiwa likizo ng'ambo. La tatu alilikataa. Alimwambia meneja kwamba wageni humuuliza juu ya uwindaji karibu kila wiki, na kumfunga mdomo mwongozaji pekee ofisini aliyeuona kwa macho ni kuwanyima wageni jibu la kweli wakiwa wamelilipia. Walibishana asubuhi nzima. Mwishowe sharti likaandikwa upya: asianzishe mazungumzo hayo, lakini akiulizwa ajibu. Akaweka sahihi.